Simu Yangu Imepanda Mkanda wa Sushi

Leo nimeadhirika. Sisemi kuadhirika kule kwa kawaida, kujikwaa mlangoni au kumpungia mkono mtu usiyemjua. Hapana. Nimeadhirika kwa utaratibu, meza baada ya meza, ukumbi mzima ukinifuata kwa macho, na muziki wa Kijapani ukipiga kwa chini ili mambo yapendeze.

Nianze mwanzo, maana najua mtauliza.

Mwanangu Munir anataka kuoa. Miaka ishirini na tisa, mhandisi, mtoto wangu wa pekee, na mimi nimemuombea jambo hili mpaka magoti yameota sugu. Binti anaitwa Shatha, wanafanya kazi ofisi moja. Mzuri, mpole, ana adabu zake. Kasoro yake ni moja tu: ana mama.

Mama mwenyewe ni Bi Khawla. Wanakaa Qurum, mtaa wa wakubwa hapa Maskati, asili yao Nizwa, ndani ya Omani, na Kiarabu chao ni kile cha ndani hasa, kizito, hakina masihara. Sisi tuko Sib, pembeni ya mji, na nyumbani kwetu ni Kiswahili kuanzia salamu mpaka ugomvi. Bi Khawla alileta habari kwamba kabla wanaume hawajaja kuposa, yeye na mimi tuonane kwanza. "Tule tu pamoja," alisema, "bila ya makuu."

Nyote mnajua maana ya "bila ya makuu." Ni mtihani, ila hupewi karatasi.

Mahali wakachagua watoto. Mkahawa wa sushi, Khuwair, ule wa bei nafuu ambao chakula kinapita chenyewe juu ya mkanda, kama mizigo pale uwanja wa ndege, nawe unakaa ukisubiri sahani yako. Munir akanijia jikoni juzi na uso wa huruma.

"Mama, chakula chenyewe utakiweza? Tunaweza kubadilisha mahali."

"Mimi?" nikamwambia. "Sushi nimeanza kula wewe hujazaliwa."

(Uongo mtupu. Mimi samaki nikiona hajaiva sawasawa humrudisha jikoni, na mpishi namuuliza kama yu mzima.)

Lakini ningesemaje? Nilishamuona Bi Khawla akilini mwangu akiwaambia jamaa zake kwamba mama wa bwana harusi katoka Sib na kibati chake cha samaki wa kupaka. Mtoto wangu akose mke kwa sababu ya tumbo langu? Haiwezekani.

Basi nikampigia dada yangu Moza. Dada Moza ndiye mjuzi wa ukoo. Alikaa Dubai kwa mwanawe miezi mitatu, na tangu siku hizo anaizungumzia sushi kama yeye ndiye aliyeibuni. Akanisikiliza, akacheka, akanipa mpango.

"Utavaa kile kidude cha sikioni kisicho na waya. Chini ya mtandio nani atakiona? Simu iwe mkobani, imeshapigwa. Mimi nipo nyumbani nasikia kila kitu, nakuelekeza chukua hiki, wacha kile. Ukiwa na neno, ninong'oneze Kiswahili, midomo usiipanue. Wale Wanizwa watadhani unasoma dua."

Nikauona mpango wa busara. (Nna miaka hamsini na sita. Nimestaafu ukaguzi wa skuli. Nimewahi kuwatoa watoto kwenye chumba cha mtihani kwa kosa hilohilo, tena nikawahutubia juu ya uaminifu.)

Leo adhuhuri tukaenda. Nimevaa abaya langu jipya, mtandio nimeubana vizuri, sikio la kulia lina siri. Bi Khawla alishafika na bintiye. Mrefu, kakaa wima kama amemeza rula, uso hausogei. Tukasalimiana, tukaulizana hali mara saba kama desturi, tukakaa. Mimi na Munir upande mmoja, Bi Khawla na Shatha upande wa pili. Mimi na Bi Khawla ndio tuliokuwa ubavuni mwa mkanda, uso kwa uso. Munir alikaa kwa nje, amenizibia njia. Hilo la kuzibiwa njia likumbukeni, litanigharimu.

Akaja mhudumu, msichana wa Kitanzania, jina lake limeandikwa kifuani: Neema. Akatueleza kwa Kiarabu cha kazini, pole pole, taratibu za pale. Chai ya kijani bure. Sahani unachukua mwenyewe. "Lakini sahani ikishatoka kwenye mkanda," akasema, "hairudi."

"Tunajua, tunajua," nikamjibu. (Mzoefu.)

Sikioni, Dada Moza akaanza kazi. "Umekaa? Yukoje?"

Munir masikio yake yote yako kwa Shatha. Nikainamisha kichwa, nikachezesha vidole kama ninahesabu tasbihi, nikanong'ona: "Ana uso kama karani wa pasi za safari anayetaka kufunga dirisha."

Dada Moza akaangua kicheko, almanusura nikiruke kiti. Bi Khawla akainua macho.

"Unasoma dua, Umm Munir?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Ya chakula," nikamjibu.

"Amin," akasema.

Nikajiambia, ala, mwanamke wa dini. Vizuri.

Mkanda nao unapita. Jamani, vitu vilivyokuwa vikipita! Vitonge vya wali baridi, juu yake kimelazwa kipande cha samaki mwekundu, hana chumvi, hana ndimu, hajaonja moto, amelala kama mgonjwa kwenye machela. Baada yake mwengine. Baada yake keki ya jibini, imejichomeka katikati ya msafara bila ya haya. Nikatamani kuichukua keki, lakini mzoefu wa sushi haanzi na keki.

"Kipi hapa kimepikwa?" nikanong'ona. "Chukua kamba," Dada Moza akaniamuru. "Kamba wamepikwa. Mwekundu kwa mweupe, mkia uko nje."

Nikachukua kamba. Sasa vijiti. "Shika kama kalamu," akasema. Mimi kalamu nimeshika miaka thelathini na mbili, na hakuna hata siku moja kalamu iliyomrusha kamba kwenye kikombe cha chai cha mwanangu. Leo imetokea. Munir akamvua kamba kwenye chai yake, akamweka pembeni. Shatha akaangalia dari. Mtoto mzuri, nimekwambieni.

Kamba wa pili nikamkamata kwa mkono. Pembeni ya sahani palikuwa na kijilima kidogo cha kijani. Nikakijua mara moja: chatne ya kotmiri, majani ya giligilani! Hatimaye jambo la kwetu! Nikapakaza yote juu ya kamba, nikatia mdomoni mzimamzima.

Haikuwa chatne ya kotmiri.

Wenzangu, sijui niwaelezeje. Kile kitu hakichomi ulimi, ulimi hauna habari nacho. Kinapanda moja kwa moja puani, kinapiga hodi kwenye ubongo, kinaingia hata hujaitikia. Macho yakafungua mabomba. Nikashika meza. Nikasikia nywele zangu zote, moja moja, zikisimama chini ya mtandio.

"Mama?" Munir akashtuka.

"Furaha," nikasema, machozi yananichuruzika mpaka kidevuni. "Nimewaza harusi."

Bi Khawla akanisogezea boksi la karatasi laini. Sikioni Dada Moza anauliza: "Umepaka ile ya kijani? Usipake ile ya kijani, ndiyo pilipili yao!" Ahsante, Dada. Maelekezo yamefika kwa wakati.

Nilipopata pumzi nikarudi kwenye "dua" yangu. "Hacheki huyu," nikanong'ona, vidole vinahesabu. "Sijui meno anayawekea Idi."

"Amin," akasema Bi Khawla.

Nikaanza kumpenda kidogo. Basi nikaongeza, na hili nililisema kwa moyo: "Lakini binti yake lulu, Dada. Akiwa mkwe wangu nitamshika kama yai."

Safari hii Bi Khawla hakuitikia. Aliangalia kikombe chake, akakizungusha, akakiweka chini.

Mazungumzo yakawa yanakwenda. Bi Khawla akaniuliza kazi niliyoifanya, nikamueleza. Akaniuliza Munir alikuwa mtoto wa namna gani, nikamsifu mpaka mwenyewe akaona haya. Nikaona mtihani unafaulika. Na mtu akishaona anafaulu ndipo anapojitia kiburi. Ikapita sahani ya vitonge vilivyojazwa juu vidonge vya rangi ya chungwa, vinang'aa kama shanga. Nikasema hii bila shaka ni halua ya Kijapani. Dada Moza sikumuuliza. Nikaichukua mwenyewe, kwa madaha.

"Mama unapenda mayai ya samaki?" Munir akasema. "Mabichi hayo."

Nikayatizama. Nayo yakanitizama.

"Sana," nikasema.

Sasa nifanyeje? Kula siwezi. Kurudisha hairuhusiwi, na mzoefu nimeshasema najua. Nikachukua karatasi laini, nikaifunika ile sahani juu kwa juu, kama mtu aliyemaliza na anaficha masalio. Nikasema nitasubiri nafasi.

Hapo Dada Moza akaniambia: "Ngoja kidogo, wali wangu unaungua, nnakwenda kuzima jiko." Akaondoka. Sekunde chache baadaye kidude cha sikioni kikalia tii, tii, tii, kikafa. Betri imekwisha.

Nikatia mkono mkobani, nikaitoa simu, nikaishusha chini ya meza. Dada Moza bado yuko hewani, saa inahesabu. Nikataka kuikata. Miwani sijavaa. Nikabonyeza nilipodhani ndipo. Haikukatika. Nikabonyeza tena pengine. Kimya. Nikaona basi, imekatika. (Nilichobonyeza ni alama ya spika. Ukimya ulikuwa wa Dada Moza, yuko jikoni na sufuria lake.)

Bi Khawla akageuza uso kunitazama. Nikababaika, simu nikaitua kwenye sahani tupu ya kamba, na juu yake nikatupa karatasi laini.

Hebu hesabuni na nyinyi. Pembeni yangu sasa pana sahani mbili. Rangi moja. Ukubwa mmoja. Zote zimefunikwa karatasi. Moja ina mayai ya samaki, moja ina simu.

Shatha akamuonyesha mamake picha kwenye simu yake. Bi Khawla akainama kutazama. Nikasema Zuwena, ndiyo saa yako. Nikanyanyua sahani kwa vidole viwili, nikaipandisha kwenye mkanda baina ya keki na tuna, nikarudisha mkono mapajani. Safi! Wepesi wa ajabu. Sahani ikaondoka zake nyuma ya mgongo wangu, nikapumua, nikafunua karatasi ya ile iliyobaki ili niweke simu yangu mkobani.

Mayai ya samaki yakanitizama, macho yote.

Hamjapata kuona mtu anakufa amekaa. Nikageuka. Simu yangu imeshafika meza ya nyuma yetu, kwa mabwana wawili wa Kihindi waliokuwa wanakula kwa utulivu wao. Na hapo ndipo sufuria la Dada Moza lilipopoa.

"Haya nimerudi!" Sauti ya Dada Moza ni sauti ya mtu aliyelea watoto saba kwenye nyumba ya ghorofa. "Wali umenusurika! Zuwena! Umekula nini mpaka sasa?"

Bwana mmoja akakifunua kile kikaratasi kwa vijiti, taratibu, kama anafungua zawadi. Akaona simu. Akakirudisha kikaratasi mahali pake kwa heshima, akaiacha ipite.

"Munir, nipishe," nikasema.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Nipishe!"

"Chooni ni upande ule, Mama, lakini subiri huyu dada apite na trei yake..."

Ndiyo kule kuzibiwa njia nilikokwambieni. Nilipochomoka, simu iko meza ya tatu. "Zuwena, mbona kimya? Umepaliwa? Kama ile mbichi imekushinda itemee kwenye karatasi, ujifanye unapiga chafya!"

Nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, abaya jipya, nakimbiza sahani. Na mkanda ule mkiuona unakwenda pole, niulizeni mimi. Nikifika meza, yenyewe imeshapita. Nikinyoosha mkono, baina yangu na sahani pana vichwa vya watu wanakula. "Samahani. Samahani. Afwan." Meza ya nne mtu kaja na familia yake yote, nikapenyeza mkono juu ya bakuli lao la supu, nikaambulia keki ya jibini.

Nami nikajipa moyo: ni Kiswahili tu. Nani hapa anajua Kiswahili?

(Msiseme kitu. Najua. Maskati hii, Unguja ya pili. Najua.)

Meza ya tano alikaa bibi mmoja na wajukuu zake, mtandio wa rangi ya zafarani, kikombe mkononi. Dada Moza akapita mbele yake akiita: "Zuwena! We Zuwena!"

Bibi akaisogelea sahani akajibu kwa sauti ya juu, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Zuwena hayupo hapa, mwanangu! Labda mbele huko!"

"Nani wewe?" Dada Moza akashangaa.

"Mimi nimekaa, mama. Wewe ndo unayepita!"

"Ahlan, bibi. Samahani, hapo mlipo, yule mkwe mnamuona? Mwenye uso wa karani wa pasi anayetaka kufunga dirisha?"

Meza nzima ikageuka kumtafuta. Meza ya jirani nayo ikageuka. Kumbe na wao! Kumbe nusu ya ukumbi! Mzee mmoja kule kwenye kona akanyoosha shingo kabisa, akavaa na miwani.

"Na meno je?" Dada Moza anaendelea, masikini, hana habari. "Bado kayawekea Idi?"

Hapo mkanda ukakunja kona, ukaingia kwenye tundu la ukuta, ukampeleka Dada Moza jikoni.

Nikafika kwenye tundu, nahema. Neema, yule mhudumu, kasimama pale, kiganja mdomoni, mabega yanamtikisika.

"Shikamoo mama," akasema alipoweza. "Hiyo simu ni yako?"

"Marahaba. Si yangu."

Kutoka jikoni, pamoja na kelele za masufuria: "Zuwenaaa!"

"Mama, si nilipoleta chai nilimsikia kijana wako anawaambia wenzenu pale mezani jina lako ni Zuwena?"

"Zuwena wapo wengi, mwanangu."

"Sawa mama." Akafuta machozi. "Jikoni siruhusiwi kukuingiza. Lakini itatokea upande ule, itarudi mezani kwako mwenyewe. Kakae tu, uisubiri."

Ushauri mzuri. Nikarudi mezani nikiwapita wote wale niliowaomba radhi kwa kwenda, sasa nawaomba radhi kwa kurudi. Bibi wa mtandio wa zafarani akanipa pole. Nikakaa mahali pangu, nikajinyoosha abaya, nikasema kwa Kiarabu: "Choo chao kisafi."

Munir amekuwa rangi ya wali wa pale. Yeye Kiswahili ni lugha ya mama yake, kila kitu alikifahamu. Shatha anamtizama Munir ajue kuna nini. Bi Khawla anautizama mkanda.

Nikapiga hesabu. Sahani itatokea upande wa Bi Khawla kwanza, kisha ije kwangu. Nitaivaa tu. Haidhuru, mwenyewe Kiswahili hajui, nitamwambia ni dada yangu ananiuliza dawa ya presha.

Ikatokea. Kile kikaratasi kimeshaanguka huko jikoni, simu iko wazi, imepangwa na jani la kijani pembeni (mpishi naye alikuwa na mzaha wake). Dada Moza kachoka sasa, anasema peke yake: "Huyu kanizimia. Huyu mamamkwe kambana. Ndo uso wenyewe ule, lazima ambane..."

Nikanyoosha mkono. Mkono wa Bi Khawla ukawahi.

Akaichukua simu. Akaondoa jani, akasoma jina kwenye kioo. Akaisogeza mdomoni. Na kwa Kiswahili, wenzangu, Kiswahili cha bara kilichotulia, kila neno limesimama kwa miguu yake, akasema:

"Halo, Moza. Zuwena yuko hapa ila anahema. Sema na mimi. Mimi ndiye yule karani wa pasi."

Nikasikia muziki wa Kijapani kwa mara ya kwanza vizuri, kumbe una filimbi.

"Samahani," ikasema sauti ndogo sana ya Dada Moza. "Nimekosea namba."

Akakata.

Bi Khawla akaiweka simu mezani mbele yangu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha pasi. Mimi kutazama siwezi. Shatha ndiye aliyesema mwanzo: "Mama! Mimi nilidhani unajua maneno mawili matatu tu ya kusema na khalati, dada yako kule Salala!"

"Nimezaliwa Shinyanga," Bi Khawla akaniambia mimi, si yeye. "Baba yangu alikuwa na duka pale. Nimekuja huku nina miaka kumi na mbili. Dua zako zote nimezisikia, Zuwena. Ya kwanza mpaka ya mwisho. Na nimeitikia."

Zile amin. Mama yangu. Zile amin!

Hapo nikaiacha ile akili yangu ya mipango. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiarabu chote kilikuwa kimeniruka: "Bi Khawla, nisamehe. Nimekuja hapa na uongo tangu mlangoni. Sushi sijapata kula maishani mwangu. Yale machozi hayakuwa ya furaha, ni ile ya kijani. Nilijua wewe ni mtu wa Qurum, utatuona watu wa hivi hivi, nikaogopa mwanangu atakosa mke kwa ajili yangu. Na nilipoogopa nikaanza kukusema ili nisikuogope. Basi. Huyu Munir hana kosa. Yeye hata mpango hakuujua."

Munir akasema pole pole, "Wallahi sikuujua, Khalati." Hapo ndipo moyo ukanichoma kweli, si mzaha. Mtoto amekaa anasubiri hukumu yake, na aliyempeleka mahakamani ni mama yake mzazi.

Bi Khawla akausogeza mbele yangu mrundo wake wa sahani. Sikuwa nimeziangalia hata kidogo. Zilikuwa sahani za keki ya jibini. Tano. Na bakuli la maganda ya maharage.

"Unafikiri mimi ninakula samaki mbichi?" akasema. "Hawa watoto ndio waliochagua. Mimi nilikuja nimeshakula nyumbani. Nilipokusikia unaulizia kilichopikwa, nikajua tuko wawili."

"Sasa mbona hukusema kuwa unajua Kiswahili?"

"Ulikuwa unasoma dua. Mtu akisoma dua hakatizwi."

Nikamtizama usoni nione kama ni mzaha. Uso uleule. Haukusogea.

Tukaagizia chai mpya. Kidogo kidogo akaanza kusema, na Kiswahili kilikuwa kinamtoka kama mtu anayetoa nguo sandukuni na kuzikung'uta. Akasema mamake alipofariki amebakia na dada yake tu wa kuzungumza naye, na dada mwenyewe yuko Salala, tena husema yeye sana kuliko kusikiliza. Kuna maneno akiyaota usiku asubuhi hana wa kumwambia. Akaniuliza kama bado watu wanasema "pole na kazi." Nikamwambia wanasema. Akatikisa kichwa, akanywa chai yake, akaangalia pembeni kidogo.

Mimi nikajiona mdogo kuliko kile kidude cha sikioni.

"Wewe unao watu wa kuzungumza nao?" akaniuliza.

"Tuna grupu," nikasema. "Wanawake tuliosoma pamoja. Kutwa Kiswahili, kutwa vicheko."

"Niingize."

"Nitakuingiza leo leo."

"Lakini na wewe uwaandikie mambo ya leo. Yote. Na uso wangu uuandike kama ulivyousema. Usinipake poda."

"Bi Khawla, tafadhali..."

"Na meno."

Munir, kwa ujasiri ambao sijui kautoa wapi, akauliza: "Na lile jambo letu, Khalati? Wazee waje lini?"

Bi Khawla akasimama, akaubana mtandio wake. "Nitasoma kwanza alivyoandika mama yako," akasema. "Halafu nitajua kama hii familia inasema kweli. Na Ijumaa mje nyumbani, wewe Zuwena na huyo Moza. Nitapika ugali na dagaa. Moza asikose."

Dada Moza amezima simu tangu adhuhuri. Nilipita kwake Sib tunarudi, gari yake ipo, taa za ukumbini zinawaka, nikagonga, zikazimwa. Dada, ukisoma hapa, Ijumaa saa saba. Hiyari huna.

Basi nimeandika, yote, na poda sikupaka. Bi Khawla yumo humu tangu Alasiri, ndiye yule asiyeweka picha. Nawaomba kwa heshima zenu, mkinipenda mimi na mkimpenda Munir: asicheke mtu humu ndani mpaka Bi Khawla acheke mwanzo.